Maji Yaliyofungwa Yana Mwenyewe

Kila Mto Tana unapofurika, husikika neno moja katika vinywa vya watu wengi: ya kwamba mafuriko ni kadari ya Mungu, na mwanadamu hana la kufanya ila kukimbia. Neno hili lina uchaji ndani yake, na ndiyo sababu ni vigumu kulipinga. Nami sikusudii kulipinga katika jambo la mvua. Mvua hainyeshi kwa amri ya waziri wala ya mhandisi. Lakini kati ya mvua inyeshayo milima ya Nyandarua na maji yaingiayo nyumbani mwa mkulima wa Garsen, pana kuta tano zilizojengwa kwa mikono ya watu, kwa fedha za watu, na kulindwa na watu walipwao mshahara kwa kazi hiyo. Maji yakishafungwa nyuma ya ukuta hayawi tena maji ya mawingu. Yana mwenyewe. Na mwenye mali hujibu mali yake inapomdhuru jirani, kama vile mwenye ng'ombe ajibuvyo ng'ombe wake wanapoingia shambani na kula mahindi ya watu. Hakuna mzee wa baraza atakayemsikiliza mfugaji asemaye, "Ng'ombe ni wa Mungu, mniwie radhi."

Yafaa kwanza tuzitaje kuta hizo, maana wengi wawashao taa zao jioni hawajui mwanga unatoka wapi. Ya kwanza ni Kindaruma, iliyoanza kazi mwaka 1968. Ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Zote zimepangana juu ya mto mmoja kama ngazi, na zote pamoja zaweza kutoa umeme karibu wa megawati 600. Masinga iko juu ya zote nyingine, nayo ndiyo ghala yao. Ilipojengwa ilikadiriwa kuchukua maji mita za ujazo bilioni 1.56, na ikijaa, uso wake huenea kama kilomita za mraba 120. Kiwango cha kujaa kwake ni mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Msomaji aishike namba hiyo, kwa maana tutairudia.

Sasa, watu wa chini ya mto mara nyingi hufikiri ya kwamba huko juu yupo mtu mmoja akaaye karibu na gurudumu la chuma, na ya kwamba siku ya mafuriko mtu huyo huamua kwa ukatili kulizungusha, maji yakatoka. Wenye mabwawa hucheka wasikiapo hayo, nao wana haki ya kucheka. Bwawa likishajaa hadi ukingo wake, kiingiacho ndicho kitokacho. Weka mtungi chini ya bomba usiku kucha: ukishajaa, maji yatamwagika sakafuni, na mtungi hautakuwa na hatia. Lakini ni nani aliyeuweka mtungi pale, naye akijua ya kwamba bomba litafunguliwa, asiumimine hata kidogo kabla ya kulala? Hapo ndipo pana swali la haki, wala si katika siku ya mafuriko yenyewe. Siku ya mafuriko, uamuzi umekwisha kupita. Ulifanywa majuma mengi nyuma, jua lilipokuwa likiwaka, mto ukiwa mdogo, na hakuna gazeti hata moja lililokuwa likiandika habari za Tana.

Na tufanye hesabu, kwa kuwa ugomvi usio na hesabu huishia katika matusi. Ikiwa uso wa Masinga ni kilomita za mraba 120, basi kila mita moja ya kina karibu na ukingo ni maji mita za ujazo milioni 120. Tuseme mvua kubwa imekuja, na maji yanaingia bwawani kwa kiasi cha mita za ujazo 1,000 kila sekunde. Bwawa lililojaa halizuii hata tone moja la hayo kwa muda mrefu. Bwawa lililopunguzwa mita mbili tu laweza kuyashika yote kwa muda wa saa kama 67 hivi, bila kumwaga kitu. Zaidi ya siku mbili na nusu! Katika siku mbili na nusu kijiji kizima chaweza kuhamisha watoto, wagonjwa, mbuzi na magunia ya mpunga. Katika siku mbili na nusu kilele cha mvua chaweza kupita, na mito mingine iingiayo chini ikapungua.

Je, kuyatoa hayo maji ya mita mbili kungeleta gharika nyingine? Hapana. Yakitolewa kidogo kidogo katika Januari na Februari, ni kama mita za ujazo 47 kwa sekunde, zaidi ya yale yanayoingia. Tana huchukua kiasi hicho bila kutoka katika kingo zake. Wala hayatapotea bure, maana yakiteremka kutoka Masinga yatapita katika mitambo ya vituo vinne vingine kabla ya kufika nyanda za chini, na kila kituo kitayafanyia umeme. Lililo la lazima ni kuwaambia mapema walimao kando ya maji wakati wa kiangazi, wasije wakakuta mboga zao zimelowa.

Nimekwisha kusikia jibu la hayo. Walinzi wa maji husema, "Na mvua isipokuja?" Jibu hili si la kijinga, wala si haki kulifanyia mzaha. Mwaka 2000 ukame uliikamata nchi hii, mabwawa yakashuka, na umeme ukagawanywa kwa zamu. Viwanda vikasimama, na hospitali zikahangaika. Mhandisi aliyeupitia mwaka huo hulitazama bwawa lake kama mjane atazamavyo akiba yake ya mwisho. Maji ya mita mbili ni kama asilimia 15 ya uwezo wa Masinga, na asilimia 15 si kitu cha kutupa.

Lakini hofu hiyo ilizaliwa katika nchi ambayo siyo hii tena. Katika miaka ile zaidi ya nusu ya umeme wetu ulitoka katika maji. Leo mvuke wa ardhini wa Olkaria na sehemu jirani ndio utoao fungu kubwa kuliko mengine yote, karibu sehemu mbili katika tano, na tangu mwishoni mwa mwaka 2018 upepo wa Loiyangalani umeongeza fungu lake. Tana si mama pekee wa mwanga wa Kenya. Kwa hiyo mlezi wa Masinga anaposhika kila tone mpaka ukingoni, anapigana na ukame wa mwaka 2000 kwa gharama ya watu wa mwaka wa leo. Tena hakuna amwambiaye apunguze maji kila mwaka. Mwaka wa ukame bwawa hupungua lenyewe, na hakuna mtu mwenye akili atakayetaka lipunguzwe zaidi. Maneno yangu ni juu ya miaka ile ambayo dalili zimekwisha kuonekana. Mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zilikuwa kubwa kupita kawaida, na mabwawa yakapanda sana. Mvua za masika za mwaka 2024 zikayakuta hali hiyo. Mwezi wa Aprili Masinga ikapita mita zake 1,056.5, na maji yakaendelea kuteremka ngazi kwa ngazi mpaka Garissa na Tana River. Barabara ya kutoka Garissa kwenda Nairobi ikafunikwa maji karibu na Madogo. Tarehe 28 Aprili mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali hapo ikapinduka. Watu 23 wakaokolewa, na wengine wakafa maji. Katika Kenya nzima, mafuriko ya msimu ule yaliua karibu watu 300.

Sisemi ya kwamba vifo vyote hivyo vililetwa na mabwawa ya Tana. Huo ungekuwa uongo, na uongo huharibu hata madai yaliyo ya haki. Wengi walikufa mahali pasipo na bwawa lolote. Nakubali pia neno lingine wasemalo watetezi wa mabwawa: ya kwamba mito ya Mutonga na Kathita, itokayo upande wa Mlima Kenya na Meru, huingia Tana chini ya Kiambere, mahali ambapo hakuna ukuta wa kuizuia; na ya kwamba mwaka 1961, kabla ya bwawa lolote kubwa kujengwa, Tana ulifurika hata watu wakadondoshewa chakula kwa ndege. Yote ni kweli. Lakini tazama jinsi hoja hiyo inavyomgeukia msemaji wake. Ikiwa Mutonga na Kathita haina ukuta, basi siku inapofurika ndiyo siku ambayo Tana ingehitaji sana mabwawa ya juu yazuie maji yao. Bwawa lenye nafasi laweza kungoja. Bwawa lililojaa haliwezi; humimina maji yake juu ya maji ya wengine, na vilele viwili vikakutana juu ya kichwa cha mtu mmoja. Wanaotaja mito hiyo kama udhuru wamenipa mimi sababu.

Wako na wengine, nao husema kwa sauti kubwa zaidi, hasa wakiwa mbali na mto: "Watu hawa wahame! Nani aliwaambia wakae kando ya maji?" Maneno haya hunichoma zaidi kuliko ya wahandisi, maana mhandisi husema kwa hesabu, na hawa husema kwa dharau. Wapokomo hawakuhamia Tana jana. Wamelima kingo zake tangu vizazi visivyohesabika, na kilimo chao chenyewe kilijengwa juu ya mafuriko. Maji yalipanda mara mbili kwa mwaka, yakaacha udongo mweusi wenye rutuba, yakashuka. Nao wakapanda mpunga, mahindi na ndizi katika unyevu ulioachwa. Waorma nao waliteremsha ng'ombe wao deltani malisho ya bara yalipokauka. Mzee wa Kipokomo hakuwa na kipimo cha mita, lakini aliyasoma maji kwa rangi yake na kwa takataka zielezo juu yake, naye alijua ni lini apandishe mtumbwi karibu na nyumba.

Ni nani basi aliyeuvuruga ujuzi huo? Kuta zilipokwisha kujengwa, mafuriko ya kawaida, yale madogo yaliyokuwa neema, yalipungua. Mashamba ya nyuma ya kingo yakakosa maji yake. Watu wakafuata unyevu, wakasogea karibu na mto zaidi, na kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1981 akakua bila kufunzwa na mto wenyewe. Serikali nayo iliwavuta watu waje mtoni kwa mashamba yake ya kunyweshea, Hola kwanza na Bura baadaye. Kisha, mara moja katika miaka kadhaa, yaja mafuriko makubwa ambayo kuta haziwezi kuyazuia. Hivyo bwawa limeondoa mafuriko yaliyofaa na kuacha yale yanayoua. Kumwambia mtu wa namna hiyo "Nani alikuambia ukae hapa?" ni sawa na kumfundisha mtoto kutembea kwa kumshika mkono, kisha kuuachia mkono kizani na kumcheka aangukapo.

Tena kuhama si jambo la maneno. Anayetaka watu wahame na aonyeshe kwanza mahali palipoinuka, penye kisima, shule, na hati ya ardhi. Asipoonyesha, na anyamaze.

Nije sasa katika jambo la onyo, ambalo kwangu ni zito kuliko yote, kwa sababu halihitaji ukuta mpya wala mamilioni ya fedha. Maji yatokayo Kiambere hayafiki Garissa siku ile ile, wala hayafiki Garsen pamoja na Garissa. Mto huu ni mrefu, wapata kilomita 1,000 tangu vyanzo vyake hadi Kipini, na katika nyanda za chini hujikunja kama nyoka. Kuna muda. Muda huo ni mali ya watu wa chini, nao hunyang'anywa kila onyo linapochelewa au linapotolewa kwa lugha isiyoeleweka.

Chukua ile namba niliyokuomba uishike. Tangazo likisema, "Masinga imefika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari," limesema kweli tupu, na halikumsaidia mtu yeyote wa Ngao au Hewani. Mkulima hana haja ya kujua bwawa liko juu ya bahari kwa kiasi gani. Ana haja ya kujua kama maji yatafika kwenye mwembe wake, na ni siku gani. Kugeuza namba ya kwanza kuwa habari ya pili ni kazi ya hesabu iwezekanayo. Pale Garissa kipo kipimo cha maji ya mto ambacho kimesomwa kwa miaka mingi sana. Kila gharika kubwa, ya mwaka 1961, ya 1997 na 1998, ya 2018, ya 2024, ilifika mahali ambapo wazee wanaweza kukuonyesha kwa kidole. Basi na zipigwe alama za rangi katika miti, katika kuta za shule na misikiti na makanisa: hapa yalifika mwaka fulani. Kisha tangazo liseme kwa Kipokomo, kwa Kiorma, kwa Kisomali na kwa Kiswahili: "Jumatano maji yatafika alama ya pili." Mtoto wa darasa la nne ataelewa, na bibi yake ataelewa zaidi.

Tena onyo lisikome maji yashukapo. Katika gharika ya 1997 na 1998 watu wa upande wa Garissa waliokoka maji, kisha wakajiwa na homa ya Bonde la Ufa, iliyoenezwa na mbu walioongezeka katika madimbwi. Mifugo mingi ikafa na mamia ya watu wakafa.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na yaitaka Serikali yenyewe itangaze habari muhimu zinazolihusu taifa. Sioni habari iliyo muhimu zaidi kwa mtu wa Tana kuliko kiwango cha maji yaliyofungwa juu ya kichwa chake, na kanuni inayofuatwa katika kuyafungua. Lakini kanuni hiyo, nani kati yenu wanafunzi amepata kuisoma? Nani amepata kuiona imebandikwa katika ofisi ya chifu, pamoja na matangazo ya kodi ambayo hayakosekani kamwe?

Wenzetu wa nchi nyingine wameyapitia haya. Huko Ghana, Septemba 2023, wenye bwawa la Akosombo walianza kumwaga maji ya Ziwa Volta lilipokuwa limekaribia kujaa, na mji wa Mepe na vijiji vya jirani vikazama. Watu zaidi ya 26,000 wakakosa makao. Watu wale waliuliza swali lile lile tunalouliza hapa: kwa nini hamkuanza mapema, kidogo kidogo? Huko Australia, baada ya gharika ya mwaka 1974 katika mji wa Brisbane, lilijengwa bwawa la Wivenhoe. Wajenzi waliligawa mafungu mawili: mita za ujazo bilioni 1.165 za maji ya kunywa, na juu yake nafasi ya bilioni 1.45 iachwayo tupu, ingoje gharika. Nafasi tupu kubwa kuliko maji yenyewe! Hata hivyo mwaka 2011 Brisbane ilizama tena. Watu wakaenda mahakamani. Mwaka 2019 hakimu akaona ya kwamba wasimamizi walikosa uangalifu. Mwaka 2021 mahakama ya rufani ikamwondolea lawama mmoja wa washtakiwa, na wengine wakakubali kulipa dola za Australia milioni 440.

Sisifu kesi hiyo kwa sababu ya fedha, wala sidai ya kwamba walalamikaji walikuwa na haki katika kila jambo. Mahakimu wenyewe walitofautiana. Naitaja kwa sababu waliweza kubishana saa kwa saa: saa fulani maji yalikuwa hivi, kitabu cha kanuni kilisema hivi, nanyi mlifanya hivi. Kitabu kilikuwapo, nacho kilisomwa mbele ya watu. Mtu wa Tana akienda mahakamani atashika nini mkononi? Atashika picha ya nyumba iliyoanguka, na wakili wa upande wa pili atasimama na kusema, kwa heshima kubwa, ya kwamba mvua ni kadari ya Mungu.

Umekuwapo kwa miaka mingi mpango wa kujenga ukuta mwingine chini ya Kiambere, uitwao High Grand Falls, ambao ungekuwa mkubwa kuliko Masinga mara kadhaa. Wanaoutetea husema utazuia mafuriko pamoja na kutoa umeme na maji ya kunyweshea. Huenda ukaweza. Ukuta mkubwa wenye nafasi tupu ni ngao, na ukuta mkubwa uliojazwa hadi ukingoni ni mzigo mkubwa zaidi juu ya watu wale wale. Kwa hiyo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na iandikwe ni mita ngapi zitaachwa tupu, katika mwezi gani, kwa amri ya nani. Na maandishi hayo yasomwe hadharani Garissa, Hola na Garsen, mbele ya wale watakaolala chini yake. Kwa Masinga hatuhitaji kungoja ukuta mpya. Masika huanza Machi, na Januari hutangulia kila mwaka.